Sehemu ya 4: Kukonda ghafla, na ngozi inayobaki

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu upasuaji wa kuondoa ngozi iliyolegea baada ya sindano za kupunguza uzito, maana mmeniuliza sana. Nilipokaa kuandika nikaona siwezi kuanzia kwenye kisu. Kwetu huku Kagera habari ya mwili kunenepa na kukonda ina historia yake, na usipoijua hutaelewa kwa nini mama wa Muleba aliyepungua kilo ishirini anaitaka operesheni hiyo kwa haraka kuliko mwenzake wa Dar. Kwa hiyo leo nawapeleka nyuma kwanza. Ni ndefu, mtanisamehe, weka mtoto alale ndipo usome.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka jana alikuja kliniki mama mmoja na mtoto wake wa miaka miwili. Nilimfahamu tangu ujauzito, mama mnene, mcheshi, anayesikika kabla hajaingia mlangoni. Siku hiyo sikumtambua. Mashavu yamebonyea, ngozi ya shingo imelegea, gauni linamning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Kabla hata sijamuuliza habari za nyumbani nikamsogeza pembeni nikamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, tuanze kwa kupima damu?" Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Dada nesi, hata wewe?"

Kumbe alikuwa ameshapima mara tatu ndani ya mwaka ule, na mara mbili kati ya hizo ni ukoo wa mume ulishinikiza. Majibu yote safi. Alikuwa anajichoma sindano ya kila wiki, dada yake anayeishi nje ndiye aliyemwanzishia, na ndani ya mwaka mmoja alikuwa ametoka kilo 104 hadi 81. Kupima VVU ni jambo jema na tunawashauri wote. Kosa langu lilikuwa kumsoma kwa macho na kumtolea hukumu kabla ya salamu. Ila macho yale sikuyapata shuleni. Nimezaliwa nayo hapa hapa.

Turudi mwaka 1861, mwezi Novemba. Mwingereza John Hanning Speke na mwenzake James Grant wanaingia Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mwenyeji wao ni Omukama Rumanika, makao yake Bweranyange. Speke alipelekwa kumsalimia ndugu wa mfalme, Wazezeru, akakuta mke wake amenona kiasi kwamba hawezi kusimama mwenyewe, na vibuyu vya maziwa vimejaa nyumbani. Akaelezwa kuwa hiyo ndiyo desturi ya ikulu, wake wa wakubwa hunyweshwa maziwa tangu utotoni. Baadaye akamwona binti wa miaka kumi na sita hivi ananyonya maziwa kwenye chombo huku baba yake amekaa pembeni na fimbo mkononi, ili asiache kunywa.

Halafu Speke akafanya jambo ambalo kila nikilisoma nasikia vibaya. Akamwomba shemeji mmoja wa mfalme akubali kupimwa kwa futi, na malipo yake ni kwamba naye ataonyeshwa mikono na miguu mitupu ya mzungu. Mama yule akakubali. Mkono ukapimwa ukawa kama sentimita 58 kwa mzunguko, kifua 132, paja 79. Siku hizi wapo watu wenye kiuno cha sentimita 79, na hilo lilikuwa paja moja tu. Vipimo vyote vipo kwenye kitabu alichochapisha mwaka 1863, dunia nzima ikavisoma. Jina la mama yule hakuliandika.

Tusidanganyane lakini, maziwa yale yalikuwa ya ikulu na ya wenye ng'ombe. Mkulima wa migomba wa Ihangiro hakuwa na vibuyu vya kumnenepesha mkewe. Na mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe wa Karagwe, maziwa yakakatika hata kwa wakubwa. Ila wazo lilibaki vijijini mpaka kwa bibi zetu. Mke akinenepa, mume anasifiwa. Mke akikonda, watu wanauliza, "Huko kwenu mnakula nini?" Bibi yangu mimi mpaka anakufa alikuwa akinisalimia kwa kunibana mkono wa juu, kuona kama nyama ipo.

Sasa wekeni hilo wazo pembeni, mje nalo miaka ya 1980.

Vita vya Kagera vimeisha 1979, magendo ya mpakani yamechangamka, nguo na bidhaa zinavuka kutoka Uganda. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania wanatambuliwa, na ni hapa mkoani Kagera. Watu hawakujua ni nini. Wakauita Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zinavuma wakati ule, kwa sababu waliouza na kuvaa Juliana walikuwa wa kwanza kukauka. Upande wa pili wa mpaka, Rakai, Waganda wakauita slim, yaani wembamba. Jina hilo la mtaani ndilo madaktari walilolipeleka kwenye jarida la Lancet mwaka 1985. Fikirini hilo kidogo. Ugonjwa mzima ulipewa jina la kukonda.

Mama yangu mdogo alikufa nikiwa darasa la tatu. Ninachokumbuka ni bangili yake. Ilikuwa inabana kwenye kiganja, akawa anaipandisha mpaka kwenye kiwiko, baadaye ikawa inafika begani na kushuka yenyewe. Sisi watoto tuliona ni mchezo.

Ndiyo maana nasema macho haya nimezaliwa nayo. Kwa Bukoba na Muleba, kizazi chetu kilijifunza kusoma mwili kabla ya kusoma kitabu. Anayepungua anakufa. Mtu wa Ulaya akipungua kilo ishirini anapongezwa kazini. Kwetu watu wananyamaza, halafu wanaanza kuja kumwona jioni jioni na ndizi kama anayeuguza.

Mwaka 2004, mwezi wa kumi, serikali ikaanza mpango wa kutoa ARV bure. Waliokuwa mifupa wakasimama wakaenda shambani, mimi nimeyaona kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi. Lakini moja ya dawa za mwanzo, stavudine, ilikuwa na kasoro. Wengine walioitumia muda mrefu walipoteza mafuta ya mashavu, ya mikono na ya makalio, huku tumbo likitokeza. Virusi vimelala, mtu ana nguvu zake, lakini uso unamtangaza. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziiache.

Hapa ndipo historia yetu inapokutana na urembo, na nadhani wengi hamlijui hili. Mwaka huohuo wa 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha sindano iitwayo Sculptra, ya kujaza mashavu ya watu wenye VVU waliopoteza mafuta ya uso. Huko haikuanza kama kitu cha mastaa. Ilianza ili mgonjwa apande basi bila kutazamwa. Leo sindano hiyohiyo wanaichoma matajiri waliobonyea uso baada ya kupungua kwa dawa.

Dawa zenyewe nazo zina safari yake. Mwaka 1992 daktari John Eng wa New York alikuta kwenye sumu ya mjusi mmoja wa jangwani Marekani kitu kinachofanana na homoni ya utumbo wetu, ile inayoamsha insulini na kuuambia ubongo kuwa umeshiba. Dawa ya kwanza ya kisukari kutokana na mjusi huyo ikaidhinishwa 2005. Zikafuata nyingine za jamii hiyo: semaglutide, mnayoisikia kama Ozempic tangu 2017 kwa kisukari na Wegovy tangu 2021 kwa uzito, kisha tirzepatide, yaani Mounjaro, mwaka 2022. Katika utafiti mkubwa wa semaglutide watu walipungua kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao kwa wiki 68. Kwa mama wa kilo 100 hizo ni kilo 15. Wapo wanaozidi hapo, kama yule mama wangu wa kliniki.

Mafuta yanaondoka, ila ngozi haina habari. Ngozi ni kama gauni lililoshonwa kwa mwili wa zamani. Ukiwa kijana, na umepungua kidogo kidogo, hujikunja yenyewe kiasi. Ukiwa umenenepa miaka mingi, umezaa mara tatu au nne, nyuzi zake za ndani zimeshakatika, haiwezi kurudi. Hakuna mafuta ya kupaka wala mkanda wa kubana utakaoirudisha. Wanaowauzia hizo krimu wanakula hela zenu, nasema wazi.

Ndipo watu wanapokuja kwenye upasuaji.

Wengi wanadhani kukata ngozi ya tumbo ni mambo ya waigizaji wa juzi. Mwaka 1899 huko Baltimore, Howard Kelly, daktari wa magonjwa ya akina mama, alimwondolea mama mmoja tumbo lililoning'inia, kipande chenye uzito wa zaidi ya kilo 7. Mama yule alikuwa ameelemewa na mwili wake mwenyewe. Baada ya hapo vita vikuu viwili vikafundisha madaktari kushona upya binadamu. Harold Gillies alitengeneza nyuso za askari kule Sidcup, Uingereza, tangu 1917. Binamu yake, Archibald McIndoe, akatibu marubani walioungua kule East Grinstead vita vya pili.

Na McIndoe huyu anatuhusu. Alikuwa na shamba upande wa Kilimanjaro. Yeye, Michael Wood aliyekuwa akifanya upasuaji Nairobi, na Thomas Rees wa New York, ndio walioanzisha mwaka 1957 ile huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege tunayoijua leo kama AMREF. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Walichokiona vijijini ni watoto walioanguka motoni, midomo sungura, watu waliong'atwa na wanyama, na hospitali iko siku tatu kwa miguu. Rees huyohuyo, akirudi New York, alikuwa maarufu kwa kunyoosha nyuso za matajiri. Mkono mmoja, uzi mmoja. Kwa hiyo mtu akiniambia "huo ni urembo tu, si tiba," huwa namuuliza mpaka uko wapi.

Mama mwenye mkunjo wa ngozi unaofika mapajani, chini yake kumelowa jasho, fangasi haziishi, kunanuka, anatembea ameushika kwa mkono, huyo anahitaji tiba. Mwingine ana ngozi kidogo tu ila hawezi kuvua nguo mbele ya mumewe. Wa tatu hana shida ila ameona video. Hao watatu wakiingia kwa daktari mmoja wasipewe jibu moja. Na bima nyingi zitawaweka wote kwenye kapu la urembo, zisilipe hata shilingi.

Kwa Tanzania siku hizi si lazima kupanda ndege ya India au Uturuki. Mloganzila, ile hospitali ya Muhimbili iliyo pembezoni mwa jiji la Dar, katika miaka hii ya 2020 imeanza kuweka puto tumboni kwa wanaotaka kupunguza uzito, na kufanya upasuaji rekebishi wa maumbile. Kutoka Bukoba bado ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na jeraha halipendi basi la usiku na mashimo. Jipange kukaa hukohuko mpaka daktari akuruhusu.

Operesheni inayoulizwa kuliko zote ni ya tumbo. Daktari anakata chini, usawa wa kovu la kujifungua kwa upasuaji, mara nyingi kovu lile la zamani linaondoka nalo. Anainua ngozi, anaivuta chini, anakata iliyozidi, anakipa kitovu nafasi mpya. Kwa waliozaa kuna jambo la ziada, misuli ya katikati ya tumbo iliyoachana wakati wa mimba inaweza kushonwa ikutane. Kovu ni refu, toka nyonga hadi nyonga. Aliyelegea mpaka mgongoni anaweza kuhitaji kukatwa kuzunguka mwili mzima kama mkanda, na hiyo ni kazi kubwa sana. Kunyonya mafuta kwa mrija ni kitu kingine kabisa, na kwa ngozi iliyolegea peke yake hakusaidii. Ukimtoa mtu mafuta yaliyobaki, gauni linazidi kuwa pana.

Mikono na mapaja yanakatwa pia, ila makovu yake yanaonekana, na sisi Waafrika makovu yanayovimba yanatusumbua. Kama ulitoboa sikio likaota uvimbe, mwambie daktari mapema. Matiti yaliyokuwa kama mifuko mitupu yanaweza kuinuliwa. Kama bado unataka kunyonyesha mtoto mwingine, subiri, kwa sababu upasuaji ule unaweza kuharibu njia za maziwa.

Neno subiri nitalirudia hata mkinichoka. Uzito uwe umetulia, angalau miezi sita hivi, haupandi wala haushuki. Uwe umemaliza kuzaa, kwa sababu mimba baada ya upasuaji wa tumbo inawezekana, ila itatanua upya kila kilichoshonwa. Na hizo sindano zenyewe hazitakiwi kwenye ujauzito. Semaglutide inaachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba, na kwa anayenyonyesha haishauriwi. Mounjaro inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, wengi wameshtukia wana mimba.

Damu nayo ipimwe. Mtu aliyekula vijiko vitatu kwa siku mwaka mzima mara nyingi ana upungufu wa damu na wa protini, na jeraha halifungi kwa ndizi tupu. Ndizi na maharage, dagaa, sato, mayai, senene msimu ukifika. Nilishamwona mgonjwa ambaye mshono ulifunguka kwa sababu mwili haukuwa na cha kujengea.

Halafu hili wanalificha wengi kwa aibu: mwambie mtu wa nusu kaputi kwamba unatumia sindano hizo. Zinachelewesha chakula kutoka tumboni. Unaweza kufunga kula tangu jana na bado tumbo lina chakula, ukilazwa kikapanda kikaingia kwenye mapafu. Watu wanakufa kwa hilo. Pia damu inaweza kuganda miguuni baada ya operesheni kubwa kama hizi, ndiyo maana tunakuamsha utembee hata ukitukana.

Na wiki sita hivi baada ya tumbo hubebi kitu kizito. Hapa ndipo wamama wa huku wananyamaza nikiwaambia. Ndoo, mkungu wa ndizi, mtoto mgongoni. Nani atabeba? Jibu la swali hilo lipatikane kabla ya nauli.

Sindano zenyewe, tafadhali, ziandikwe na daktari na zitoke kwenye duka la dawa linaloeleweka. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutide bandia iliyokamatwa nchi mbalimbali. Hata iliyo halali hukaa kwenye friji kabla ya kufunguliwa. Ile iliyosafiri kwenye buti la gari kutoka Mwanza juani, sijui mnaniuliza nini.

Yule mama wa kliniki sasa tunaongea kila mwezi. Nilimwomba radhi, akacheka, kile kicheko chake cha zamani. Uzito wake umetulia tangu miezi saba iliyopita. Alitaka sana akatwe mwaka huu, na siku moja nikamuuliza kwa nini mwaka huu. Akasema ni kwa ajili ya mama mkwe. Kila wakikutana, mama yule ambaye miaka ya Juliana alizika wanawe wawili humshika uso kwa mikono miwili, halafu huingia chumbani kulia.

Nikamwambia mkatishe kilio kabla ya kukata ngozi. Sikujua atafanyaje. Krismasi alipokwenda, alimwita mama mkwe chumbani, akafunga mlango, akafunua blauzi. Bibi akaangalia ule mkunjo unaoning'inia, akaushika kwa vidole, akauinua, akauachia. Akauliza kama unauma. Akaambiwa hauumi, mama, ni unene wangu wa zamani umeacha mfuko wake. Bibi akasema, "Basi usiwape madaktari haraka, nataka mjukuu mwingine kwanza."

Naye mwenyewe anamtaka huyo mtoto. Ameacha sindano tangu mwezi wa pili, akisimamiwa na daktari wake, njaa imerudi na kilo mbili zimepanda, tunazihesabu pamoja. Chini ya mkunjo anaweka kitambaa safi cha kanga, anabadilisha mara mbili kwa siku, fangasi zimekauka. Operesheni ameiweka mbele, baada ya mtoto kuacha ziwa.

Sehemu ya 5 nitaandika hilo la kuacha sindano, njaa inavyorudi na nini cha kuweka kwenye sahani.